Kikwembe Kilichokwenda Kuona Bahari

Tangu nirudi Kisangani, watu wakiniuliza Uingereza ni nchi ya namna gani, nawajibu kwamba ni nchi ya Jumamosi. Wanacheka, wanadhani naringa. Lakini kweli kabisa, Jumatatu mpaka Ijumaa sikuiona. Nilikuwa naingia kazini na giza, natoka na giza, nikiosha na kulisha wazee wa watu katika nyumba moja ya wazee pembeni mwa Manchester, na nchi nzima ilikuwa korido ndefu yenye harufu ya sabuni na supu. Jumamosi ndipo ilipofunguka. Nilinunua tiketi ya treni, nikashuka mahali ambapo jina lake lilinishinda kutamka, nikatembea hadi miguu ikauma, nikarudi. Nilifanya hivyo kwa miaka. Wa kumweleza alikuwa mama tu, kwa simu, na mama alikuwa na swali moja.

"Kule ulienda, iko mto?"

"Iko, mama."

"Alors, hauwezi kupotea."

Halafu mama akafa. Karatasi zangu za kuishi kule zilikuwa ofisini zinafanywa upya, na mtu ambaye karatasi zake ziko ofisini haendi popote. Akitoka, asitegemee kuingia tena. Basi nilimzika mama yangu kwenye simu. Mdogo wangu alisimama ukingoni mwa kaburi ameinua kifaa, mtandao ukawa mzito, picha ikaganda kwenye viatu vya tonton, yule kaka mkubwa wa mama. Viatu vyeusi vyenye udongo mwekundu kwenye ncha. Picha iliporudi, watu walikuwa wameshaanza kuimba wakielekea nyumbani. Hayo ndiyo maziko ya mama niliyoyaona mimi: viatu vya tonton. Nilikasirika na mtandao, nikakasirika na ofisi, nikakasirika hata na vile viatu. Kesho yake nikaenda kazini.

Sasa nieleze habari ya kikwembe, kitenge cha kujifunga, maana bila hiyo hakuna kitakachoeleweka. Sisi ni watu wa mto, wa upande wa Yanonge na Isangi, hata tuliozaliwa mjini hapa, komini ya Tshopo. Papa, baba yangu, alifanya kazi ya mashua maisha yake yote, akipeleka watu, mihogo na samaki wa moshi. Katika ukoo wetu mwanamke akifa, mume wake anatunza kikwembe alichojifunga siku ya mwisho, na hakifuliwi. Matanga yakifika mwisho wake, ndugu za marehemu wanakuja, wanamshika mume mkono, wanamshusha mtoni, naye anakifua kwa mikono yake mwenyewe mbele ya macho yao. Kikikauka kinapewa binti mkubwa. Hapo ndipo nyumba inafunguliwa. Radio inapaza sauti tena, watoto wanaweza kuoa na kuolewa, mwanamume anaweza kupanda mashua.

Papa alikataa. Mara ya kwanza ndugu za mama walipokuja aliwaambia, "Mungoje maji ishuke." Maji yakashuka, wakaja. "Mungoje ipande." Walirudi Yanonge wamenuna. Papa akabaki kwenye kiti chake barazani, kasia haligusi, chakula anakidonoa tu, na mdogo wangu, ambaye mchumba wake alikuwa anangoja nyumba ifunguliwe, akanipigia simu akilia. "Yaya," alisema, maana mimi ndiye dada mkubwa, "papa anakwisha hivi tunamuona."

Baada ya hapo tonton mwenyewe alinipigia. "Mupeleke kule kwako kidogo," aliniambia. "Muonyeshe dunia. Akili yake itoke ndani ya ile kikwembe."

Sitaeleza habari za visa na safari za Kinshasa, nikianza nitatukana. Siku moja papa alitokea mlangoni pa uwanja wa ndege amevaa koti lililomzidi, sanduku mkononi, na mfuko wa turubai umebanwa kwapani. Sikuuliza ndani mna nini. Mtu habani nguo za kawaida namna ile.

Basi kazi yangu ikawa hiyo. Papa afunguke moyo, arudi, akifue kile kikwembe, tumwache mama apumzike na sisi tuishi. Nilikuwa na Jumamosi tu za kuifanyia kazi hiyo, na mimi nikishika kazi sina mchezo.

Nilianza na Manchester yenyewe. Kuna mifereji pale, maji meusi yamelala kati ya kuta za matofali, na mashua nyembamba ndefu zilizopakwa maua, ambamo watu wanaishi pamoja na paka wao na vyungu vya mimea. Nilijua mtu wa mashua atafurahi. Papa alitembea upande wa ukuta, mbali na maji, mfuko kwapani.

"Papa, angalia mashua!"

"Iko bien."

Jumamosi nyingine tulikwenda Chester, mji uliozungushiwa ukuta wa zamani, na unatembea juu ya ukuta wenyewe, chini yako bustani za watu na nguo zao zilizoanikwa. Siku hiyo ukungu ulikuwa mzito. Minara ilitokea mbele yetu, ikasimama kidogo, ikapotea tena, na kengele ya kanisa ililia mahali ambapo hatukupaona. Nilitembea nyuma ya koti la papa nikihisi nikinyoosha mkono litapotea nalo. "Iko bien," alisema tena tulipofika mwisho, yaani ni nzuri, basi. Liverpool kuna mto mpana wenye kivuko, alikataa kupanda.

"Papa, ni mashua tu hii! Umezaliwa ndani ya mashua!"

"Nimeiona."

Kulikuwa na mji mdogo wa milimani, wa mawe meusi na mvua nyembamba, ambako vikongwe katika duka la chai walisogeza viti vyao ili papa akae karibu na moto. Walimpa keki. Aliila yote kwa heshima, akiwa ameweka mfuko mapajani. Na kulikuwa na kondoo. Dirishani mwa treni ni kondoo, kondoo, ukuta wa mawe, kondoo tena. "Kondoo yote hii, mwenye kuichunga iko wapi?" papa aliuliza, na tangu afike hakuwa amesema maneno mengi kuliko hayo.

Nikizikumbuka sasa, Jumamosi zile zimekuwa siku moja. Mwanga wake ni wa rangi ya maziwa. Papa amelala kichwa kwenye kioo cha dirisha, pumzi yake inachora duara, duara linafutika, linachorwa tena, na nje miji inapita polepole bila kutuuliza kitu. Mara nyingine niliona kwamba sisi ndio tumekaa, na nchi ndiyo inayosafiri. Kisha nilikuwa nazinduka na kukumbuka kwamba namburuta mtu ambaye hayupo.

Kila Jumapili tonton alipiga simu.

"Alisema kitu?"

"Hapana, tonton."

"Na kikwembe?"

"Iko ndani ya mufuko."

"Aka!" Na simu ilikatwa.

Baharini tulikwenda kwa sababu miji mingine ilikuwa imenichosha. Ni mji mdogo kaskazini mwa Liverpool. Jina lake silitaji, maana papa mwenyewe alikataa kujifunza. Mpaka leo anauita Kule Maji Ilikimbia. Tulishuka stesheni, tukapita mtaa wa maduka ya aiskrimu yaliyofungwa, tukafika kwenye ukuta wa bahari na ngazi zake za saruji, tukatazama chini. Bahari haikuwepo. Mchanga tu, mpana, unaong'aa, unakwenda mpaka unaungana na mbingu, na mbali kabisa mstari mweupe mwembamba.

"Maji iko wapi?" papa aliuliza.

"Iko kule, papa. Ile nyeupe."

Kisha nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu afike: papa akavua viatu. Akavifunga kamba, akavitundika shingoni. "Hii ni wakati wa maji kushuka," alisema. "Angalia namna ilichora muchanga. Ikishuka hivi hairudi leo wala kesho. Tuko na mwezi mbili, tatu." Akashuka ngazi.

Nisiseme kwamba sikujua. Nilikuwa nimeishi kule miaka, nilijua bahari inakwenda na kurudi, kama ninavyojua dunia inazunguka. Watu wa pwani wana maneno yao, maji kupwa na maji kujaa, na wanayasema bila kufikiri. Lakini mimi ni mtoto wa mto. Kwetu maji yakishuka yameshuka kwa majira mazima. Mchanga unatokea katikati ya mto, wavuvi wanahamia juu yake na mikeka na vyungu, wanajenga nganda, kambi yao, na watoto wanazaliwa pale kabla maji hayajapanda. Papa aliposema tuko na miezi, mwili wangu wote ulimwamini. Na isitoshe alikuwa anaongea! Pembeni mwa ngazi palikuwa na ubao wa maandishi mekundu. Niliupita nikicheka.

Tulitembea mbali. Papa alinionyesha mahali ambapo angetega nyavu. Akatafuta kilima cha mchanga, akakizunguka, akakikubali. Kwa kisigino alichora nganda: hapa moto wa kukaushia samaki, hapa mkeka, hapa wageni wanakaa, huku upepo unakotoka hatuweki kitu. "Hapa mama yako," alisema, akachora duara la mwisho.

Akakaa chini. Akafungua mfuko.

Kilikuwa kile cha kahawia chenye ndege weupe wadogo. Nilikijua; mimi ndiye niliyemtumia pesa akakinunua soko la kati, na alichagua rangi tukiwa kwenye simu, akigombana na muuzaji. Papa alikitandaza ndani ya lile duara, taratibu, akanyoosha pembe zake. Kisha akaniambia, "Karibia. Nusa."

Nilipiga magoti. Kulikuwa na moshi. Kulikuwa na mafuta ya mawese, na pondu, kisamvu chetu, na yale mafuta ya nazi aliyopaka kichwani, na chini ya vyote hivyo kulikuwa na mama, shingo yake, pale nilipokuwa nalalia nikiwa mdogo. Siwezi kusema nilikaa vile muda gani. Upepo ulikuwa mdogo, jua lilikuwa nyuma ya wingu jembamba, na hakukuwa na mtu mwingine duniani. Papa alilala chali kando yangu akafumba macho. Nami nililala, shavu juu ya ndege weupe, na nilikuwa na furaha. Nasema wazi. Nilikuwa na furaha kabisa.

Kilichoniamsha ni mbwa. Mbwa alikuwa anabweka kule ngazini, na mtu wake alikuwa anarusha mikono yote miwili hewani akipiga kelele. Nikageuka. Kati yetu na ngazi palikuwa na kijito ambacho hakikuwepo.

"Papa, amka."

"Ni kijito tu," alisema. Lakini alikitazama vizuri, akasimama. "Inakwenda wapi hii? Inapanda? Maji inapanda milima?" Mtu aliyeshinda mtoni maisha yake yote alikuwa amesimama mdomo wazi, anatazama maji yakikimbia upande usiofaa. Yalikuwa yametuzunguka kwa nyuma, kimya kimya, na duara la wageni lilikuwa limeshafutika.

Nilikunja kikwembe nikakisukuma mfukoni. Papa aliuweka mfuko kichwani, tukashikana mikono, tukaingia. Baridi! Yesu na Maria, ile si baridi ya maji, ni kisu. Magotini, mapajani, kiunoni. Yule mtu alikuwa ameshuka mpaka ngazi ya chini, amenyoosha mkono. Tukakaribia, na hapohapo papa akakanyaga shimo. Akazama mpaka mabega, kofia ikaenda, mfuko ukaanguka majini. Nilimvuta kwa koti nikipiga mayowe. Alipoinuka alikuwa ameukumbatia ule mfuko kwa mikono miwili, na maji yalikuwa yanamwagika kutoka ndani.

Mwenye mbwa alitupandisha, akampa papa koti lake, akatugombeza kweli, uso mwekundu. Papa aliniuliza anasema nini.

"Anasema maji ya hapa inarudi kila siku. Mara mbili."

"Kila siku?"

"Kila siku, papa."

Alifungua mfuko, akatoa kikwembe, akakisogeza puani. Akanusa upande huu, akanusa upande ule. "Iko chumvi tu," alisema. Kisha uso wake ukavunjika, na papa yangu, ambaye hata siku ya simu ya msiba alinipa habari kwa sauti kavu, alilia pale ukutani mbele ya mbwa na mwenye mbwa. Nililia naye. Maji yalikuwa yanatutiririka, nikashika pembe moja ya kikwembe nikitaka tukikamue.

"Acha!" alinipigia kelele. "Hii haikamuliwe!"

Tulirudi kwa treni hivyo hivyo, papa na nguo iliyolowa kifuani, dimbwi chini ya kiti chetu. Nyumbani alikitandika juu ya kipasha joto cha ukutani. Kilikauka kikawa kigumu, kina mistari myeupe ya chumvi kati ya ndege. Nilikuwa nakiona kila nikipita, na nilikuwa namkumbuka mama siku za kufua. Vikwembe vikubwa tulivikamua mimi na yeye, kila mmoja na ncha yake, yeye anazungushia kule, mimi huku, na alikuwa na nguvu hadi ncha yangu ikanitoka mikononi, akanicheka. Wiki nzima papa hakusema neno. Nilikwenda kazini nikiamini kwamba nimemuua. Nilikuwa nimeleta mtu apone, nikamnyang'anya kile kidogo alichokuwa nacho.

Jumamosi asubuhi nilimkuta mlangoni amevaa viatu.

"Twende," alisema. "Tuangalie kama ni kweli inarudi."

Tukaenda. Tulikaa juu ya ukuta, kwenye benchi, mbali na ngazi. Bahari ilikwenda, ikabaki huko, ikarudi. Papa aliitazama yote kama mtu anayesimamia kazi. Jumamosi iliyofuata alitaka bahari tena, na iliyofuata. Tulibadilisha miji lakini hakikubadilika kitu: benchi, upepo, karatasi ya samaki na chipsi mapajani, mfuko wa turubai katikati yetu, na maji yale makubwa yakienda bila haraka na kurudi bila haraka. Mimi nilianza kuyaota hata nikiwa macho, kazini, nikimfunga mzee vifungo. Yanaenda. Yanarudi. Nikimtazama papa pembeni nilimwona ametulia, amependeza hata, na ndipo hofu iliponishika. Nilidhani nimeelewa. Nilidhani anasema moyoni, kama maji yote yale yanaweza kurudi, basi na mama atarudi.

Muda wake wa kukaa ulikuwa unakwisha. Tonton alikuwa haachi simu. Jumamosi moja, maji yakiwa yanaanza kurudi, nilishindwa kujizuia. Mimi hasira zangu haziko mbali, kila mtu Tshopo anajua.

"Papa, mama harudi!" Shakwe waliruka, bwana na bibi wa benchi la pili wakageuka. "Unasikia? Hii maji inarudi, yeye harudi! Shemeji zako wanangoja, mutoto yako anangoja kuolewa, na weye umekaa hapa kungojea nini?"

Papa alikunja karatasi ya chipsi, akaiweka chini.

"Mimi najua harudi," alisema. "Nilitupa udongo na hii mukono. Weye njo haujue. Weye haukumuzika."

Karatasi yangu ya chipsi ilichukuliwa na upepo, sikuifuata.

"Ndugu zake walitaka nifue. Nikifua, harufu inaenda. Na weye haujafika. Utapewa kikwembe ya sabuni? Nikasema, bon, tungoje maji ishuke, labda karatasi zake zitatoka. Nikasema tungoje ipande. Ningewaambia nini wale watu? Kwamba mutoto mukubwa ameshindwa kuja kulia mama yake? Ni haya. Nikanyamaza."

"Lakini ulifika hapa, papa! Ulikuwa nayo! Mbona haukunipa?"

"Kila samedi nabeba mufuko. Nasema, leo. Na weye: papa, angalia mashua. Papa, angalia ukuta. Papa, kanisa. Weye unakimbia, mutoto yangu. Tangu mama yako afe unakimbia. Kitu kama hii haifunguliwe ndani ya treni." Alinyoosha kidole kwenye mchanga uliokuwa unafunikwa. "Pale kwenye nganda njo ulikaa. Nikasema, hapa atamunusa vizuri. Nilitaka umunuse siku ingine tena. Basi."

"Na sasa? Tunakuja huku kila wiki kufanya nini?"

"Huku tu njo unakaa chini," papa alisema. "Nilikuwa nangoja ulie."

Nililia. Nililia kile kilio cha siku ya viatu vya tonton, chote, na kelele zake, bila kujali bwana na bibi wa benchi la pili. Papa hakunibembeleza. Alitoa kikwembe kigumu cha chumvi, akanifunika mabega, akaendelea kutazama maji mpaka yalipofika ukutani.

Karatasi zangu zilikuwa zimetoka siku chache kabla. Tulirudi pamoja. Tulishuka Bangboka, uwanja wa ndege wa Kisangani, joto likatukumbatia kabla hatujamaliza ngazi za ndege, na papa alivuta pumzi mpaka mwisho, akasema, "Bon."

Ndugu za mama walipanda kutoka Yanonge. Walishuka na papa mtoni asubuhi, wawili wamemshika mikono, sisi wanawake nyuma. Tonton alivua viatu vyake, vilevile, akaviacha ukingoni karibu na miguu yangu. Alipopokea kikwembe ili akiangalie, alikunja uso. Akakikwangua kwa ukucha, akalamba kidole.

"Hii iko na chumvi!" alisema. "Hii ilishafuliwa!"

Mashemeji walianza kunung'unika. Mmoja aliuliza kama ndiyo desturi mpya ya Ulaya. Nilijua wanaweza kukataa, wakarudi kwao, na nyumba ikabaki imefungwa. Papa hakupaza sauti.

"Bahari iliiloesha," alisema. "Haikuifua. Mutu hakuikamua."

Tonton alinitazama mimi, niliyekosa maziko. "Mutoto alimunusa kabla ya maji?"

"Alimunusa."

Alifikiri, kidole bado mdomoni. "Bon," alisema. "Teremuka."

Papa akaingia mtoni. Tangu mama afe miguu yake ilikuwa haijagusa maji yetu. Aliingia mpaka magotini, akapiga sabuni, akasugua, akasugua, na povu likatoka jeupe likakamata mkondo, likaenda zake upande wa Yanonge na mbele zaidi. Alilitazama mpaka likapotea. Maji ya kwetu yakienda yameenda.

Desturi inasema mwanamume anafua peke yake. Kuhusu kukamua haisemi kitu. Papa aligeuka akaninyooshea ncha moja.

"Kamata," alisema.

Niliingia na nguo zangu zote. Nikashika, nikazungusha huku, yeye akazungusha kule, kikwembe kikajisokota kati yetu na maji yakaanza kudondoka.

"Kaza, mutoto yangu," papa alisema. "Mama yako alikuwa anakaza kuliko hivyo."

Nikakaza.